Niandikie Jina la Mama

Kambi ya Madobi,
Changamwe, Mombasa.
Jumapili, 17 Novemba, 1946.

Mpendwa kaka yangu Kalama,

Shikamoo. Nimeitanguliza kwa sababu najua barua isiyoanza na shikamoo ungeikunja bila kuisoma, na haki ungekuwa nayo. Hujambo huko Kisumu? Shemeji Milcah hajambo? Na lile goti lako la kushoto linalokuuma mvua ikikaribia, limetulia? Naambiwa ziwa lenu huleta baridi asubuhi. Huku joto limeshaingia, lile fukuto ambalo shati hulowa kabla hujamaliza kufunga vifungo.

Sisi tu wazima. Mke wangu Kanze ana kikohozi kidogo lakini sauti yake haijapungua. Binti yetu Dorcas amekonda kwa mawazo ya harusi, hashiki sahani ila aiangushe, na mchumba wake Nguma akipita barabarani yeye hukimbilia nyuma ya nyumba kana kwamba amemwona askari. Shangazi Kafedha, dada yake baba, bado yuko Utange na mihogo yake, macho yamefifia lakini masikio yanasikia hata yasiyomhusu.

Barua yako ya mwezi wa kumi niliipata. Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikacheka, ya tatu nikalia, na ya nne nikaikunja nikaitia ndani ya Biblia, ile uliyonipa wewe mwenyewe siku niliyobatizwa. Umeandika kwamba watu wamekuambia nimekuwa Mmormoni, kwamba hiyo ni dini ya wenye wake wengi na kitabu cha kubuni, na kwamba nisipokitupa kitabu chao hutakanyaga harusini kwa Dorcas tarehe ishirini na moja Desemba. Kaka, baba hayupo. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Usipokuja, ni nani atakayesimama kumtoa mtoto huyu na kuutaja ukoo wake mbele ya wakwe?

Kwa hiyo nimekaa leo baada ya kanisa, na bado naenda kanisa lile lile, nikueleze taratibu. Usinikatize.

Ilikuwa mwaka wa arobaini na tatu, wakati wa vita. Nilikuwa nafua mashuka ya wagonjwa katika kambi moja ya hospitali huku, na aliyenieleza dini hiyo alikuwa baharia Mmarekani aliyeshushwa melini na homa. Jina lake Elden. Homa ilipopungua alizoea kuja kukaa juu ya gogo karibu na kamba zangu za kuanikia, apate ule ubaridi wa mashuka mabichi. Asubuhi za huku unazikumbuka. Mvuke wa mapipa yangu ulikuwa ukipanda na kuchanganyika na ukungu uliotoka mikokoni, na mashuka yamesimama safu kwa safu, upepo unayajaza, unayaachia. Mara nyingi nilikuwa simwoni. Nasikia sauti tu nyuma ya shuka, taratibu, juu ya nchi yenye ziwa la chumvi na milima myeupe. Mpaka leo nikikumbuka maneno yake yananijia na harufu ya sabuni.

Alinihadithia mababu zake waliofukuzwa walikokaa, wakavuka nyika na theluji wakivuta mikokoteni kwa mikono, kama hamali wa Kilindini, ila hamali hurudi kwake jioni. Nami nilimhadithia kwetu, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Miezi miwili tulikaa hivyo. Alipoondoka aliniachia kitabu chao. Kiingereza chake ni kizito na sijafika hata nusu.

Kuhusu wake wengi, nilimwuliza waziwazi. Akaona haya. Alisema mababu zake walioa hivyo kweli, lakini imepita miaka hamsini na zaidi tangu wakubwa wao wakataze, na siku hizi anayefanya hivyo hutengwa. Kaka, baba yetu alikuwa na wake watatu, na mama yetu alikuwa wa pili. Mimi na wewe tungekuwa wapi? Na mimi huyu mmoja tu Kanze ananishinda, juzi kanifukuza jikoni kwa kuuliza kama wali umeiva.

Ni kweli pia hawanywi pombe, hawavuti tumbaku, wala chai hawaonji. Pombe niliiacha bila taabu, ingawa wazee wa Mikindani walinuna nilipoirudisha kata ya tembo ikiwa imejaa. Jirani yetu Mwanasaumu alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema, "Wallahi Gershom, tembo hunywi, nguruwe huli, basi si usilimu tu mambo yaishe!" Lakini chai ndiyo iliyonitesa. Kichwa kiliniuma wiki nzima, na wiki ya pili nikarudi kwenye birika. Ukisikia watu wakisema mimi ni Mmormoni, jua ni Mmormoni wa kikombe mkononi.

Juu ya kitabu chao kuwekwa kando ya Biblia, sijui. Wewe umesoma kuliko mimi, nami sikuandikii kukitetea ukurasa kwa ukurasa. Nauliza tu, huyo aliyekuhadithia huko Kisumu, amemwona Mmormoni wapi? Mimi nimekaa na mmoja. Sikumsikia akitukana dini ya mtu hata siku moja, na mimi na wewe, kaka, hatuwezi kuapa hivyo.

Lakini neno lako moja lilinichoma kwa sababu ni la kweli. Umeandika, "Hao watu hata hawakutaki." Elden aliniambia mwenyewe, na mimi sikuwa nimemwuliza, kwamba kwao mtu mweusi hapewi ukuhani wala haingii katika hekalu lao. Alisema ameinama, anakwaruza gome la lile gogo kwa ukucha. Nikamwuliza sababu, akanipa sababu ambayo yeye mwenyewe haikumshuka kooni. Nilikuwa nakamua shuka. Nililikamua mpaka likachanika, na katika miaka yangu yote ya udobi ni shuka hilo moja tu nililochana. Hapo siwatetei. Ni jambo baya, na wangekuja kesho kujenga kanisa hapa Changamwe ningewaambia usoni kwamba ni baya.

Basi utasema, mbona hukukitupa kitabu siku ile ile?

Kwa sababu ya mama.

Siku moja Elden alinieleza kwamba watu wa kwao huwabatiza waliokwisha kufa. Mtu aliye hai huingia majini, jina la marehemu likatajwa, na marehemu akiridhia huko aliko, ubatizo unakuwa wake. Hafukuzwi mlangoni kwa kuwa alichelewa. Wewe umeliita jambo hili uchawi wa koma, wa kuita mizimu ya wazee. Mimi niliposikia niliweka beseni chini nikakaa. Niliona ajabu kwamba ng'ambo ya bahari wako Wazungu wanaowaita wafu wao kwa majina kama sisi tunavyowaita, na hawaoni aibu.

Kaka, nilikuwa na miaka saba, wewe ulikuwa kijana wa ishirini, mwalimu mpya pale misheni, una kola nyeupe. Mama alikuwa katika darasa lako la ubatizo. Ulikuwa mwaka wa njaa. Akaonekana kaburini kwa baba yake akimmwagia tembo na kumwita, asijione amesahauliwa. Walipokuja kukuambia, mimi nilikuwa nimekaa chini ya meza yako nachezea kofia yako. Nilikuona ukifungua daftari. Nilikuona ukitia kalamu wino na kupiga mstari juu ya jina lake. Ulilifunga daftari wino ukiwa bado mbichi, hilo nalo nililiona. Pasaka ikafika, majina yakasomwa, lake likarukwa. Mvua hazijaisha akafa, akazikwa nje ya ua wa kanisa.

Sijawahi kukuambia kwamba nilikuchukia. Nilikuchukia mpaka nikapata ndevu. Siku hizi sikuchukii tena, nakupenda, na nadhani mstari ule umekuuma wewe zaidi kuliko mimi.

Mama hunijia Jumapili mchana, nikijilaza mkekani kama saa hizi. Naona kamba za nguo zimekwenda mpaka upeo wa macho, mashuka yanapumua, naye anatembea katikati yake, miguu ina vumbi, leso amejifunga vizuri kama mtu anayekwenda kuitwa. Upande wa pili kuna mtu anasoma majina. Wanawake wanasimama mmoja mmoja, wanapita, nasikia maji. Akifika kwa mama yule msomaji hunyamaza, hufunua ukurasa mwingine. Mama hanung'uniki. Anakunja shuka lililo karibu naye, kisha analikunjua, analikunja tena. Mimi nafumbua kinywa nimtajie, na linalotoka ni "Mekalama". Hakuna anayesimama. Naamka mto umelowa, Kanze ananiuliza kama nina homa.

Sasa nisikilize, ndipo nilipotaka kufika. Mwezi wa nane Elden aliniandikia kutoka kwao. Hakunisahau. Anasema dada yake yuko tayari kuingia majini kwa ajili ya mama yetu. Hana hakika kama wakubwa wao watalipokea jina la mtu wa kwetu, lakini atalipeleka, na wakilirudisha atalipeleka tena. Aliomba jina tu, na alikozaliwa. Nikakaa kwa furaha nikamwandikia Mekalama, kwa herufi kubwa. Nikamweleza, maana yake ni mama yake Kalama, kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Akajibu kwa adabu, "Nimeelewa, rafiki yangu. Lakini yeye mwenyewe aliitwa nani?"

Kaka, kalamu ilinianguka. Sijui.

Mimi mtu wa miaka arobaini, mwenye mke na binti wa kuozwa, sijui jina la mama yangu. Baba alimwita Mekalama. Wake wenzake walimwita Mekalama. Nilikwenda Utange kwa miguu kumwuliza shangazi, akafikiri mpaka chungu kikaungua. "Mwanangu," alisema, "alipokuja kuolewa nilikuwa nyonyonyo, mtoto wa kunyonya. Nilipopata akili ashazaliwa huyo nduguyo, na sisi sote tukamwita kwa nduguyo." Watu wa kwao mama walimalizwa na njaa ile ile. Kijiti cha kaburini kililiwa na mchwa zamani.

Na Dorcas alipozaliwa, alistahili jina la bibi yake mzaa baba, kama ilivyo ada. Nilikuandikia kukuuliza, hukumbuki? Ukajibu nimwite Dorcas, ni jina la mwanamke mwema katika Maandiko. Nikakutii. Ni jina zuri, na anayelibeba ni mzuri. Lakini jina la bibi yake likakaa gizani mara ya pili.

Limebaki mahali pawili duniani, katika daftari ambalo sijui liliko, na kifuani mwako. Siku ile chini ya meza niliyaona maandishi yake, kaka. Niliyaona kabla ya wino kuyafunika. Nakumbuka lilikuwa fupi, halifiki urefu wa kidole changu cha mwisho. Ila nilikuwa sijajua kusoma.

Kitabu, usikitie moyoni. Siku utakayoshuka garimoshi nitakuwa nimekifunga katika leso ya Kanze na kukilaza chini ya kasha, na hutasikia neno la Mormoni kinywani mwangu hadi urudi Kisumu. Sikukitupa, wala sitakitupa, lakini sitakiweka kati yangu na wewe. Na kama wale wa ng'ambo watalikataa jina la mama kwa sababu ya rangi yake, basi watakuwa wamelikataa wao, na nitalia siku moja yakaisha. Hilo si tena linaloninyima usingizi wa mchana. Linaloninyima ni kwamba wakinijibu ndiyo, sina cha kuwapa.

Njoo harusini, kaka. Njoo umtoe Dorcas. Utasimama utaje, binti wa Gershom, mjukuu wa fulani. Nikiachiwa mimi nitafika hapo ninyamaze mbele ya wakwe, kama yule msomaji.

Kama umeazimia kutokuja, basi usiandike maneno mengi. Hata shikamoo yangu usiiitikie. Andika neno lile moja tu katikati ya karatasi uitie posta, nami nitajua wewe bado ni ndugu yangu.

Msalimu sana shemeji Milcah, mwambie kapu la dagaa lilifika salama na paka wa Mwanasaumu wamehamia kwetu. Wasalimu watoto wote, wakubwa kwa wadogo. Shangazi Kafedha anasema ukija umletee ugoro, Kanze anasema usimletee. Mungu akulinde na goti lako, akupe usingizi mwepesi, na wale waliotutangulia wakukumbuke kwa wema.

Hapo chini nimeacha nafasi. Ukipenda ukate kipande hiki cha karatasi unirudishie kikiwa kimejazwa, kwa mkono ule ule ulioliandika mara ya kwanza.

Mimi mdogo wako, nikupendaye ukija na usipokuja,

Gershom,
mwana wa ..............................