Kimya ya Nyumba Yetu

Pinga

Riziki amepita mitihani, yaya. Mutoto wetu amemaliza universite, na filme yake njo waliweka mbele ya zote za wenzake. Naandika hii kwanza, juu nikianza na salamu nitalia na karatasi italowa.

Sasa nakusalimia, Yaya Esperanse, dada yangu mukubwa. Muko aje pale Masisi? Muguu yako inakuacha utembee ao ungali unakaa tu ku mulango? Mama yetu anakula? Ng'ombe zilirudi ku malisho ao watu wangali wanaogopa? Sisi huku tuko. Muhogo iko, mvua iko, mwenye nyumba tu njo haiko. Kifo ya bwana yangu ulisikia ku telefone, na najua njia ilikuwa imefungwa, sikukasirika. Lakini ku telefone sikukuambia yote. Mwenye pikipiki wa kanisa yetu anashuka huko kwenu kesho, basi nimeshika bike ya kuandika.

Unakumbuka vile watu walicheka wakati Riziki alisema anaenda kusoma sinema. Wifi yangu Mama Sifa, dada ya bwana yangu, alisema wenzake wanasomea udaktari, yeye anaenda kusomea televizyo. Mimi nilinyamaza? Sijui kunyamaza. Nilimuambia hata daktari siku moja atatafuta mutu wa kumupiga picha akiwa murembo. Na leo, kila mutu ku soko nimemuambia: ule mwenye kamera alitoka mu hii tumbo.

Basi, mwaka ya mwisho kila mwanafunzi anatengeneza filme yake mwenyewe, kwa mikono yake, bila hiyo hakuna diplome. Riziki akachagua papa yake. Akakuja na kamera, na mikro ya kukamata sauti, yenye manyoya. Papa yake akamuuliza ule munyama alimutega wapi. Akamufwata kila siku: kukata kamba mu pori, kuisokota ku paja, kusuka wavu ya kuwinda vile wababa zake walikuwa wanasuka. Alikuwa anakohoa tayari, lakini mbele ya kamera alijivuna mpaka nikamuambia apunguze.

Siku ya mwisho Riziki akatuambia kama kila nyumba iko na kimya yake, na watu wa sinema wanaikamata nayo. Wasipokuwa nayo, wakati ya kuunganisha picha sauti inakatika-katika kama gari ya zamani. Akaomba tukae chini wote, tusiseme, tusisonge, mashine isikie nyumba tu. Tukaketi ku mikeka. Tukafukuza hata kuku.

Yaya, unajua watu wa huku wanaketi chini bila neno wakati gani. Jirani yetu Mama Bahati akapita, akaona mulango wazi, sisi chini, vichwa vimeinama. Hakuuliza kitu. Akaenda kuchukua kuni na unga, akarudi, akaondoa kitambaa ku kichwa na kuketi karibu yangu, machozi ikaanza kushuka. Mashine inakamata tu. Bwana yangu akamuangalia, akajizuia, kisha kicheko ikamushinda.

"Mama Bahati, hiyo unga uiache," akasema. "Nikikufa kweli utaleta ingine."

Tulicheka mpaka kikohozi ikamukamata. Riziki akaomba tuanze tena, tukanyamaza tena, na Mama Bahati naye ndani.

Mutoto akapanda pikipiki, akarudi Goma. Mwezi haikuisha, papa yake akakufa. Njia ikafungwa. Riziki hakumuzika papa yake. Mama Bahati akaleta unga ingine vile aliambiwa, na hakuna mwenye alicheka.

Njo pale mu kilio Mama Sifa akasimama mbele ya watu. Akasema tulimukalia kaka yake kilio akiwa angali muzima, tuliita kifo, nayo ikasikia. Akakataza mutu yeyote aone ile uso ao asikie ile sauti. Riziki afute yote. Wazee wa ukoo wakaitika. Nilipomuita mutoto ku telefone alilia, akasema filme ingine hana na walimu hawatamungojea. Nikamuambia apeleke tu, Goma ni mbali, nani atajua. Akakataa: shangazi asipokubali, hatapeleka, hata kama diplome inapotea. Kichwa ngumu na heshima pamoja. Sijui aliitoa wapi, labda kwangu.

Njia ilipofunguka, alifikia kwa shangazi yake, hata kwangu hakupita kwanza. Nikawakuta. Picha hakumuonyesha hata moja. Alimuvalisha vile vya ku masikio, akamuwekea ile kimya. Mama Sifa akasema hasikii kitu. Kisha akainamisha kichwa. Unakumbuka bwana yangu alikuwa na pumzi yenye mulio, kama mutu anapuliza makaa polepole. Watu wote wamenyamaza, na yeye anapumua.

Mama Sifa akashika masikio na mikono mbili.

"Weka tena," akasema.

Riziki akaweka tena, na tena. Shangazi alilia vile hakulia hata siku ya kuzika. Kisha akajipanguza.

"Sisemi kwamba hamukuita kifo," akamuambia. "Nasema walimu wako waone. Lakini hapa kwetu hakuna jicho itaona kabla kilio haijaisha."

Riziki akarudi, akapeleka, na wakamupa ile nafasi ya mbele nimekuambia. Profesere moja alisimama wima kumupigia makofi. Lakini kazi ya sinema haiko Pinga, hatarudi kukaa hapa, na nilijua tangu siku alibeba sanduku. Nilijivuna ku soko mpaka jua ikazama, kisha nikalia peke yangu mu njia ya shamba. Ile kimya sijaisikiliza. Alinipa, nikakataa. Niko na ingine hapa mu kitanda, na ndani yake hakuna mwenye kupumua.

Unisalimie mama yetu, umushike mikono. Usalimie kaka yetu mwenye kutengeneza fromaji ya maziwa, shemeji mwalimu, na ule mama mukristo mwenye alinifundisha kusoma, umuambie mukono yangu ingali inaandika vizuri. Ukae na Mungu, yaya.

Mudogo wako,
Mama Riziki, mama ya mutu wa sinema

Mama Sifa mwenyewe njo amechagua siku ya kunyoa na kumaliza kilio, na atakaa mbele. Tutafunga shuka ku ukuta ya kanisa ya kuonyesha filme, mutamuona bwana yangu. Mukuje wote, hata kama ni kwa muguu, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.