Mwanangu na Malkia Wake Mwekundu

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimejiona mama wa rais! Kitindamimba wangu ataongea mbele ya chama cha wakusanya stempu, Jumamosi ijayo. Chama kimejaa mvi, madaktari na mahakimu — na anayeitwa mbele ni binti yangu, muuza dawa! Atawaeleza stempu za mwanzo mwanzo za Waingereza, zile nyekundu za peni moja, zenye kichwa cha Malkia. Nimemwambia mwenye bucha. Mteja wa gauni la zambarau nimemwambia mara mbili, pini mdomoni.

Jirani akacheka: kumbe Bibi Stempu wenu anahangaika na makaratasi ya marehemu, wenzake wanatafuta wachumba? Nikamwambia wachumba watapanga foleni, tena wawe wanajua kusoma.

Jumatatu, 5 Mei

Kazi yangu mimi ni kuloweka. Alinifundisha mwenyewe. Kipande cha bahasha kuukuu juu ya maji ya uvuguvugu, unasubiri, stempu inajiachia. Hakuna kuvuta! Unailaza kwenye kitambaa. Mikono ya fundi cherehani, iliyozoea hariri — sijachana hata moja. Anasema huko chamani karibu hakuna mwenye mkono kama wangu. Hiyo "karibu" ni heshima tu kwa wazee.

Kanichekesha. Eti stempu ya kwanza kabisa ilikuwa nyeusi, watu wakawa wanafuta muhuri wa posta wanaitumia tena! Ndipo wakaleta nyekundu. Wajanja hawakuanza jana.

Jumatano, 7 Mei

Karudi kutoka kazini na barua ameibeba kama yai. Mwenyekiti wa chama kamwazima! Mzee yule hata mkewe hagusi albamu zake. Haina bahasha — karatasi imekunjwa ikawa bahasha yenyewe, Malkia mwekundu kabandikwa pembeni. Hiyo ndiyo atakayowaonyesha. Kaitazama hadi chai ikapoa.

Alhamisi, 8 Mei

Barua kaiacha mezani. Maskini mwanangu, nikasema, kachoka, hajapata nafasi ya kuibandua. Ngoja nimsaidie. Imetoka nzima, hata kona haikukunjika! Nimeipanga kwenye albamu, mstari wa mbele. Karatasi nimeianika, wino umetawanyika kidogo tu. Atafurahi huyo!

Alhamisi hiyo hiyo, jioni

Hakufurahi.

Alikaa chini. Hakunifokea — afadhali angefoka. Akanieleza taratibu. Muhuri ulikanyaga nusu kwenye stempu, nusu kwenye karatasi, na huo ndio ulikuwa ushahidi kwamba stempu hii ilisafiri na barua hii. Vile vipande vyangu ni vya bahasha zilizokwisha kukatwa zamani. Barua nzima haibanduliwi, mama. Haibanduliwi kabisa.

Nikasema basi nitairudishia kwa gundi. Akacheka, huku machozi yanamtoka. Akasema hapo ndipo mzee atazimia.

Halafu akaiinua kwenye mwanga. "Lakini umeitoa vizuri, mama. Haina hata mkwaruzo."

Mtoto huyu! Nilimzaa mimi kweli?

Ijumaa, 9 Mei

Kampigia mzee simu asubuhi hii. Nimesimamisha cherehani nisikie. Shikamoo, mzee. Barua yako imeharibika. Nimeiloweka mimi.

Mimi! Bibi Stempu mzima ajitwike kosa la mtu asiyejua kitu! Sauti ya mzee naisikia hadi huku: wewe? Wewe ndiye wa kuja kutufundisha kesho? Basi asitoke, anakuja kuichukua sasa hivi, na hayo ya kesho wataongea hapo hapo mlangoni.

Nikamuuliza mbona umejisingizia. Akasema mama, wewe nyamaza, niachie mimi. Wakikusema wewe sitavumilia.

Ninyamaze? Mtaa huu mzima unajua sinyamazi kwa sifa zake, leo ninyamaze kwa aibu yangu? Kesho wamnyime nafasi kwa maji niliyopasha mimi?

Nimevaa gauni la kutokea. Nimemwambia akae kitako, akabaki kunikodolea macho. Gari linasimama nje. Mlango unagongwa, yeye anainuka — nimemshika bega, nimemrudisha kitini. Nafungua mimi —