Mbeleko ya Ihirwe

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Ihirwe hasimami! Nilimshusha kitandani, miguu ikakunjika. Nikacheka. Ana miaka minne, nami yaya wake vituko vyake navijua. Anasema miguu imelala. Mama yake, Kellen, akatoka bafuni na mswaki mdomoni, akambeba garini kwenda hospitali. Nimebaki peke yangu na jumba hili la Nyarutarama, hapa Kigali.

Jana alianguka kutoka ukuta wa bustani, chali. Alilia sana. Nikamfunga mgongoni kwa mbeleko, nikazunguka naye mpaka akalala. Kellen aliporudi kanisani nilimwambia ameanguka. Mbeleko sikuitaja—nani hutaja?

Jumatano, 10 Septemba

Picha ya eksirei ni safi, hakuna mfupa uliovunjika! Kellen kwenye simu: “Iko muzima, Spès. Labda iko na woga tu.” Nilipika maharage ya sisi watatu. Nimekula peke yangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepeleka nguo hospitali. Daktari anasema mifupa ya watoto hupinda na kurudi, picha ikawa safi, kumbe uti wa mgongo umeumia ndani. Wanangoja mashine kubwa ya kupiga picha za ndani. Akauliza, baada ya kuanguka nani alimwinua, na vipi, maana kuinuliwa vibaya huzidi kuumiza uti. Kellen akajibu upesi: “Hakuna mtu alimugusa. Alilala tu.” Daktari akaandika. Mimi mlangoni, nikazikunja upya nguo mfukoni. Mwoga mkubwa!

Ijumaa, 12 Septemba

Nimempigia mama yangu, Bujumbura. Kacheka: mtoto akilia anabebwa mgongoni, ulitaka umfanye nini? Nilitamani asikate simu.

Jumapili, 14 Septemba

Ni uti kweli. Kutembea—hawajui. Asiinuliwe na yeyote ila manesi.

Nikaamua leo nitasema. Njia nzima kwenye pikipiki nilipanga maneno. Kellen alikuwa anasinzia kitini. Akanishika mkono, macho yamefungwa: “Spès, niko na wewe tu hapa.” Nikamfunika miguu kwa kanga yangu.

Ihirwe akaniona. Akanyoosha mikono. “Anti, nibebe kwa mugongo! Kama siku nilianguka.”

Kellen akafungua macho. Akaniuliza. Nikamwambia yote.

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akaenda kumtafuta daktari, akasema nisiondoke. Niko kwenye benchi la korido, naandika. Ndani Ihirwe ananiita, mara ya tatu sasa, na sijui kama bado nina ruhusa ya kuitika.