Robo Fainali Iliyoangukia Matanga ya Mama

S.L.P. 47,
Bekwai.
12 Februari

Mpendwa mdogo wangu Boakye,

Baridi ya huko Hamburg inakutendaje? Ule mguu ulioteguka kazini umepona, au bado unauburuta na kusema hauumi, kama kawaida yako? Shemeji na mtoto hawajambo? Mimi sijambo ya kuonekana. Mgongo unauma na usingizi sina, lakini natembea, na uji wa asubuhi nakunywa. Tumshukuru Mungu.

Najua unangoja nikusimulie maziko. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilichoka, Boakye. Hata sasa nimechoka, kwa hiyo nivumilie.

Kosa lilianzia kwa Mjomba Adutwum. Yeye ndiye mkuu wa ukoo na ndiye wa kupanga tarehe. Mwezi wa Desemba, Mama hajamaliza hata wiki mbili mochwari, akapanga Jumamosi ya kwanza ya Februari. Nikamwambia, Mjomba, siku hiyo kuna robo fainali ya Kombe la Afrika. Alicheka mpaka akakohoa. "Timu yetu hii? Siku hiyo wachezaji watakuwa hapa wanakula fufu ya matanga yetu." Tukacheka wote, na mimi nikiwemo. Matangazo yenye picha ya Mama yakabandikwa kwenye nguzo za umeme mpaka Kumasi.

Basi timu ikavuka kundi lake kwa taabu, ikiwa ya tatu. Kwenye kumi na sita bora ikashinda kwa bao la dakika za majeruhi. Mji mzima ulitoka barabarani, mimi nikabaki kitandani nimejiinamia. Kuahirisha haikuwezekana tena. Wakwe walishakodi basi, na Mama alishakaa kwenye lile jokofu vya kutosha.

Asubuhi tulimzika vizuri, nisiseme uongo. Lakini kwetu, unajua mwenyewe, mtu hupimwa kwa kikao cha mchana. Tulipanga viti mia nne chini ya mahema, watu wamevaa nyekundu na nyeusi. Wewe ulikuwa upige simu saa kumi, tuiweke kwenye kipaza sauti, uwasalimie kama mwanawe wa kiume wa pekee. Nilitaka jambo moja tu. Mama alikwenda kwenye kila msiba wa mji huu miaka hamsini, akawalilia wafu wa watu. Nilitaka naye aliliwe na viti vilivyojaa.

Saa kumi kasoro watu wakaanza kwenda msalani. Mmoja mmoja, kwa adabu, wameinamisha vichwa. "Dada, narudi sasa hivi." Choo gani hicho kilicho ndani ya baa ya Agyapong? Msema chochote naye akaniachia kipaza sauti mkononi. Mjomba Adutwum aliondoka wa mwisho, walau aliona haya. Nikabaki na viti, picha ya Mama, na Bibi Dufie, ambaye masikio yake yalishakufa siku nyingi. Kila mara ananiuliza, "Watu wamekwenda kula?" Namwitikia kwa kichwa. "Mbona sisi hatuletewi?"

Simu yako haikuita. Niliiweka mapajani kipindi cha kwanza, cha pili, na nusu saa yote ya nyongeza. Mechi niliifuata kwa kelele za ng'ambo ya barabara, nitake nisitake. Niliwakasirikia wote. Nilimkasirikia hata Mama kwa kufa Desemba.

Wakafika kwenye matuta. Nikasikia shangwe nne, halafu kimya. Tuta letu la mwisho liligonga mtambaa wa panya, niliambiwa baadaye.

Ndipo wakarudi. Walirudi wote, pamoja na wengine ambao hawakumjua Mama, bado wamevaa jezi. Wakaketi, wakalia. Wanaume wazima, Boakye. Mjomba Adutwum mikono miwili kichwani, kama inavyotakiwa msibani. Viti vikaisha, wengine wakasimama. Bibi Dufie akawatazama, akanishika mkono. "Mama yako alipendwa." Nikashindwa kumkatalia. Machozi yangu, ambayo yaligoma tangu Desemba, yakatoka hapo.

Simu yako ikaita wakati huohuo. Nikaiweka kwenye kipaza sauti kama tulivyopanga, na mji mzima ukakusikia ukilia, neno halitoki. Watu wakasema, kweli huyu alimpenda mama yake. Sikukuuliza ulikuwa wapi tangu saa kumi, wala ulikuwa ukimlilia nani. Hata leo sikuulizi.

Mama mdogo Serwaa anakusalimu sana. Bibi Dufie anakusalimu, na anauliza kama umekula. Mjomba Adutwum naye anakusalimu, ingawa mimi bado hanitazami usoni. Nisalimie Shemeji, nibusie mtoto. Mungu akulinde kazini, na akufungulie hizo karatasi zako za kusafiria.

Mwaka ukitimia tutakaa tena kumkumbuka Mama. Tarehe nitaipanga mimi, Mjomba amekubali bila ubishi. Nimeshaulizia kila mahali: mwezi huo hakuna kombe lolote. Njoo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Afrakoma