Mama Mkwe Hataki Kuhama, na Sababu Naijua Peke Yangu

Mshauri wetu mpendwa, nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya duka langu, nimekalia robota la vitambaa, maana huku ndiko mahali pekee ambapo hakuna atakayeniuliza naandika nini, na naomba univumilie kwa sababu jambo lenyewe ni refu na mimi si mwandishi, mimi ni fundi cherehani.

Duka langu liko katikati ya mji, kwenye jengo la zamani la ghorofa moja ambalo chini kuna maduka na juu hakuna kitu ila popo na maji ya mvua. Wapangaji ni mimi, mume wangu ambaye ni fundi wa redio na feni, kinyozi, dada mmoja wa vitabu na kalamu, na kwenye kona yuko mama mkwe wangu, mwenye duka la nyuzi, vifungo na zipu, ambaye aliingia humo kabla ya sisi wote. Zamani mtaa wetu ndio ulikuwa mji wenyewe, lakini siku hizi watu wanakwenda kwenye maduka mapya ya barabara kuu, na sisi tunabaki kutazamana mlango kwa mlango, mvua ikinyesha tunatega ndoo, mtaro ukifurika tunalaza mbao ili mteja apite, kama yupo.

Mwaka huu manispaa wametuletea mpango ambao kwa kweli hatukuutegemea. Wanataka kuezeka upya jengo letu, wafukue mitaro, waweke taa na njia nzuri ya miguu, na wakati kazi inaendelea tuhamie vibanda walivyovijenga karibu na stendi ya zamani bila kulipa kodi, kisha turudi kila mtu kwenye duka lake. Ila wana sharti moja, kwamba wapangaji wote wa jengo wakubali, asikosekane hata mmoja, kwa sababu kwenye mtaa mwingine waliwahi kuanza kazi mtu mmoja akaenda mahakamani, mitaro ikabaki wazi mpaka leo. Tusipokubaliana kabla ya mwisho wa mwezi huu, fedha zinakwenda mtaa wa pili.

Wote tumekubali, mshauri. Aliyekataa ni mama mkwe wangu.

Sasa nikueleze ninachokijua mimi. Kabla hata hatujasikia habari za mpango, nilikwenda kumsaidia kufuta vumbi dukani, nikatoa maboksi ya zipu, na wakati wa kuyarudisha nikayapishanisha bila kujua. Muda si mrefu akaingia mteja anayeshona gauni la harusi, akaomba zipu nyeupe ndefu, na mama akanyoosha mkono bila kugeuka, kama afanyavyo siku zote, akatoa zipu nyeusi tii, akaiweka mezani na kusema, "Hiyo hapo, nyeupe kama maziwa." Yule mteja akacheka, akadhani ni utani. Mama hakucheka. Akaivuta ile zipu akaipapasa meno yake kwa kidole, na mimi nikaruka haraka nikaibadilisha, nikasema nimechanganya mimi, samahani, na mteja akaenda zake.

Mama akafunga mlango, akakaa.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, Mama."

"Basi umeona peke yako. Ukimwambia mwanangu, nitajua aliniletea mkwe asiye na kifua."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mama mkwe wangu haoni, au anaona kivuli tu, na kwamba duka lile analiendesha kwa vidole na kumbukumbu, anamjua mteja kwa sauti na hatua, anajua kila boksi liko wapi, anajua jua limefika wapi kwa joto la ukuta, na kila mtu mtaani anamsifu kwamba utu uzima haujamgusa. Nje ya duka lile na njia yake ya kila siku, mshauri, hawezi. Akihamia kibanda kipya siku ya kwanza tu mji mzima utajua, na yeye anasema siku watu wakijua wataanza kumlipa noti ndogo wakisema ni kubwa, na wale wenye huruma watamkalisha nyumbani, na kwake hilo la pili ndilo baya zaidi.

Tumefanya kikao kwa kinyozi. Alikuja dada wa manispaa, afisa anayesimamia mpango, msichana mpole tu, akamtandazia mama mchoro mezani, akamwambia, "Mama, tazama hii kona, hivi ndivyo duka lako litakavyokuwa." Mama akainama juu ya karatasi, akasema, "Mimi hapa sioni kitu." Watu wakaguna. Wote walidhani ni dharau, kwamba anamaanisha mpango hauna maana, nami niliyejua maana yake nikatazama sakafu. Kinyozi hakuweza kujizuia, akasema, "Mama, hebu tuambie ukweli, wale wa barabara kuu wamekupa nini?" Mama akamjibu, "Wamenipa usingizi. Wewe mdomo kakupa nani?" Watu wakacheka, lakini kicheko hakikuwa kizuri, na maneno ya hongo yalipotoka mle ndani hayakurudi tena. Sasa mtaa mzima unasema mama kanunuliwa.

Mume wangu ndiye aliyeumia kuliko wote. Alisimama katikati ya kikao akamwambia mama yake, "Unatuzika tukiwa hai," akatoka, na tangu siku hiyo hakanyagi kwake wala hamsalimii, wakati maduka yao yametenganishwa na ukuta mmoja tu. Nyumbani akiniuliza, "Wewe uko upande wa nani?" nakosa jibu, naye anachukulia kimya changu kuwa ndilo jibu. Juzi nusura nimwambie, neno lilikuwa mdomoni kabisa, nikalimeza na chai.

Dada wa manispaa amerudi mara ya pili peke yake kumbembeleza mama, akakataliwa tena. Mwezi unakwisha. Mtaa ukikosa mpango huu, dada wa vitabu amesema anafunga, na sisi wengine tutamfuata mmoja mmoja. Nikisema, nimemvua nguo mtu aliyeniamini, aliyenipokea kama binti yake wa kumzaa. Nikinyamaza, nimeua riziki za watu na mume wangu anamchukia mama yake bure. Nifanye nini, mshauri? Naomba unijibu upesi, na jina langu lisitajwe.

Mkwe mwenye siri

MAJIBU

Mkwe mwenye siri, kifua unacho, na kwa hilo nakuheshimu. Watu wengi wangeuza siri hiyo kwa kinyozi kabla zipu haijarudi kwenye boksi.

Sasa nikugombeze kidogo. Umeniandikia kurasa na kurasa. Umetaja popo, umetaja ndoo, umetaja mpaka mdomo wa kinyozi. Daktari hukumtaja hata mara moja! Mama yako haoni, umejua kwa muda wote huo, na nyote wawili mmekaa kuwaza namna ya kuficha, hakuna aliyewaza namna ya kutibu. Huenda ni mtoto wa jicho, ambaye mara nyingi hutolewa mtu akaona tena. Huenda ni ugonjwa mwingine ambao kila siku ya kuchelewa inakula sehemu yake. Mimi sijui, wewe hujui, na yeye hajui. Kwa hiyo, mpango uwepo usiwepo, wiki hii hii mpeleke kliniki ya macho. Hilo siyo la kujadili.

La pili litakuuma. Mama yako aliitwa mla hongo mbele yako, ukatazama sakafu. Binti yangu, uliahidi kutosema habari za macho. Hukuahidi kunyamaza kwa kila kitu. Ungeweza kusimama ukasema, "Mama yangu hajala senti ya mtu." Sentensi hiyo haina macho ndani yake. Isingevunja ahadi yoyote, na huenda mumeo asingetoka vile. Nenda ukaiseme sasa, kwa kinyozi kwanza, tena kwa sauti.

Sasa tuje kwenye siri. Macho ni yake, na kutangaza habari zake ni haki yake yeye. Usimwambie mumeo kwa mlango wa nyuma. Lakini kuna mtu mmoja ambaye huna kizuizi chochote cha kuzungumza naye juu ya jambo hili, naye ni mama mwenyewe, na naona tangu siku ya zipu hamjalitaja tena. Mmekaa kama wezi wawili wanaoogopa kutajana. Nenda asubuhi kabla wateja hawajaja, kaa naye, mwambie wazi kwamba siri yake hujaitoa, lakini imeanza kula watu wengine, akiwemo mwanawe. Mwambie nani atafunga duka. Mwambie ana nafasi ya kusema yeye kwa mdomo wake, kwa maneno yake, kwanza kwa mwanawe. Halafu nyamaza. Usimjazie maneno.

Akikuuliza, "Na kibanda?" uwe na jibu. Afisa anayerudi mara ya pili kwa mtu aliyemfukuza ni afisa wa kuzungumza naye. Mama akiridhia, mfuateni pamoja mumwambie mnachotaka: kibanda cha mwanzo ambacho hakina ngazi wala mtaro mbele yake, rafu zipangwe kwa mpango ule ule wa dukani, na apewe ruhusa ya kukitembelea kabla ya siku ya kuhama mpaka mguu wake uzoee. Fedha za kusaidia wafanyabiashara wadogo zimetengwa kwa ajili ya watu, na mtu huja na magoti yake, macho yake na umri wake. Manispaa haiwezi kujua kinachowasumbua kama mnakificha. Na ninyi wengine msiopata usingizi kwa furaha ya mchoro, ahadi ya kurudi dukani muiombe kwa maandishi yenye mhuri. Mchoro hauwezi kumrudisha mtu popote.

Na kama mama atakataa kila kitu? Basi mtazame usoni umwambie kwamba kesho utamweleza mwanawe, ili mama asisikie kwa mtu mwingine kwamba umesema. Halafu kesho ikifika, mweleze. Atakasirika. Kubali. Hasira ya mama mkwe huisha, ila jicho lililoachwa bila daktari na mtaa uliofungwa milango havirudi.

Usingoje mwisho wa mwezi. Ondoka hapo stoo.

Mshauri

*

Barua hiyo haikuweza kusubiri zamu yake gazetini, kwa hiyo majibu yangu nilimpelekea mwandishi moja kwa moja. Haya hapa chini ameniandikia baadaye. Mama mkwe wake ameruhusu tuyachapishe yote, kwa sharti kwamba nisimwite kikongwe. Sijamwita.

Mshauri, nilikwenda kama ulivyosema. Nilipomaliza kuzungumza mama alifunga boksi la vifungo lililokuwa mbele yake. Halafu akasema, "Nipe mkono," na tukatoka tukaenda duka la pili, kwa mwanawe.

Mume wangu alikuwa ameinamia feni. Alipomwona mama yake mlangoni hakusalimia, aliendelea kukaza skrubu. Mama akanyoosha mkono taratibu akitafuta, ukagusa bega, ukapanda mpaka kidevuni, ukasimama pale pale.

"Kumbe umefuga ndevu," akasema.

"Mama, hizi ndevu ninazo tangu mwaka jana."

"Hakuna aliyeniambia."

Mume wangu akamtazama machoni, akanitazama mimi, akamtazama mama tena. Bisibisi ikamponyoka. Sitaeleza yaliyofuata, ila wateja wawili walikuja wakaona heri warudi baadaye.

Kliniki walisema jicho la kushoto ni mtoto wa jicho, linatibika. La kulia tumechelewa, halitaona tena, na hilo nitabaki nalo moyoni. Kwenye kikao mama alisimama mwenyewe akasema, "Siku ile nilisema sioni kitu, mkadhani nawatukana. Nilikuwa sioni kitu." Kinyozi alikuja mbele akapiga magoti kabisa, mama akamwambia ainuke asichafue suruali, lakini hongo hajaisahau na sidhani kama ataisahau. Kisha akauliza wanataka aweke dole gumba wapi.

Tumehama. Sitakudanganya kwamba mambo ni mazuri, vibanda vina joto, wateja wengine hawajui tulipo, na dada wa vitabu alifunga kwa majuma mawili kabla hajarudi. Lakini paa la zamani limeshashushwa, na ahadi ya kurudi tunayo kwa mhuri. Mama wamempa kibanda cha mwanzo. Kuna waliojaribu kumpa noti ndogo kama alivyoogopa, ila ni wachache kuliko wale wanaotoka kwenye kibanda changu kwenda kumsalimia.

Jicho la kushoto walilifanyia upasuaji, na bandeji ilifunguliwa juzi. Niliingia kibandani kwake asubuhi akanigeukia, akanitazama kwa muda mrefu, kuanzia kichwani hadi miguuni, nami nikasimama wima, nikijua sasa atanishukuru.

"Hilo gauni umelishona mwenyewe?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Pindo limekwenda upande. Livue nikuonyeshe."