Wimbo wa Ng'ombe wa Mahari Ufutwe

Ndola, Zambia

Mdogo wangu Shija,

"Wimbo ukishaingia kwenye kanda si wa mwimbaji tena, ni wa watu wote." Ndivyo ulivyoniandikia, na ukapiga mstari chini yake, kana kwamba mstari unaongeza ukweli. Nimesoma mara nne. Ni uongo, na nitakuonyesha ulipo uongo wenyewe. Lakini kwanza nikusalimu, maana hata ugomvi wa ndugu huanza kwa salamu. Hujambo? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Mama anaona kidogo, au macho yamefungika kabisa? Mimi nipo. Kifua kinanisumbua tangu mvua zilipoanza, na meno mawili ya mbele yameniaga, hivyo herufi nyingine sasa natoa upepo tu. Mgodi wa hapa umepunguza watu, na waliopunguzwa hawaji baa kusikiliza muziki. Wakija, wanalia kabla haujaanza.

Nasikia na wewe ulipunguzwa pale kiwandani Nyakato, Mwanza, ukanunua redio mbili za kaseti, ukafungua kibanda cha kunakili kanda hapo Mkolani. Sikulaumu kwa hilo. Mtu aliyefungiwa geti lazima atafute mlango. Ninachokulaumu ni habari ile uliyoiandika chini kabisa, pembeni, kama mtu anayetupa ganda la muwa: kwamba dada yetu Kulwa alivuka kutoka Kamanga, akaja kibandani kwako, akakuomba usiunakili tena wimbo wa ng'ombe wa mahari, nawe ukamjibu kwa sentensi ile ile. Akafunga kitenge chake vizuri, akarudi kivukoni. Shija, ulimjibu hivyo Kulwa? Mwanamke aliyekubeba mgongoni mpaka ukakataa kutembea?

Wewe ulikuwa mdogo, hukuwepo uwanjani siku wimbo ule ulipozaliwa. Hebu sikiliza.

Ilikuwa baada ya mavuno. Unajua ngoma zetu zilivyo: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na hakuna mwamuzi ila miguu ya watu. Wakikuhama, umeshindwa. Upande wa pili alikuwa akiimba shemeji, mume wa Kulwa, na siku ile alikuwa na sauti kama amemeza baragumu. Watu walianza kunitoka. Kwanza wasichana, kisha vijana, kisha hata wajomba zetu wenyewe wakawa wanasogea kinyumenyume ili nisiwaone. Nikabaki na wapiga ngoma wangu na mbwa mmoja. Shemeji akanipigia kelele kutoka kule, "Dotto! Huyo mbwa naye umemfunga kamba, au amekaa kwa hiari?" Uwanja mzima ukacheka.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo:

Ng'ombe mliotupa wamezaa, wamezaa tena,
binti tuliyewapa bado anabeba mchi mgongoni.

Nilimlenga shemeji. Naapa mbele ya Mama. Nilitaka kusema madume yake yanajua kazi kuliko yeye. Miaka minne ya ndoa bila mtoto wa kubebwa mahali pa mchi ule, mimi nikaona ni silaha nzuri ya kumpiga mwanamume. Watu wakarudi mbio, vumbi likatimka, nikabebwa juu juu. Na kutoka juu kule nilimwona Kulwa. Alikuwa ameshika kibuyu cha maji alichomletea mumewe. Hakulia. Alikitua kibuyu chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

Mtu mzima gani hajui kwamba ndoa isipozaa kijiji humtazama mke? Nilijua. Nilijifanya sijui kwa sababu ya kelele za watu. Kabla mwaka haujaisha shemeji aliongeza mke mwingine. Kulwa akahamia karibu na kivuko, akaanza kukaanga samaki. Na mimi, pacha wake, niliyelala naye tumbo moja, nikaubeba wimbo ule nikaenda nao duniani: Ukerewe, Musoma, Kisumu, Bukoba, Kigoma, hadi huku. Nikaurekodi. Kila nilipofika waliniita kwa jina la wimbo.

Umenisikia nikijisifu kwamba sikuwahi kuajiriwa na bendi. Bendi za mashirika ziliniita, nikakataa, nikisema sitaki bwana wa kuniambia niimbe nini. Nilisoma vitabu, nikabishana na makatibu wa chama na wachungaji, nikaandika magazetini kwamba msanii ni mtu huru. Huru wapi! Bwana nilikuwa naye miaka yote hiyo. Bwana wangu alikuwa umati. Ukinihama kidogo tu, nilimtoa Kulwa mfukoni nikaurushia.

Sasa nije kwenye uongo wako. Siku hizi kila mmoja anasema mambo yamefunguliwa, kila mtu auze anachotaka. Wanamuziki wenzangu wanalalamika kwamba ninyi wa redio mbili mnawala. Mimi silalamiki hilo. Kuleni. Lalamiko langu ni jingine: mmeninyang'anya uwezo wa kutubu. Zamani mwimbaji aliyeona aibu ya wimbo wake aliacha kuuimba, nao ukafa taratibu kwa kukosa mdomo. Leo mimi nanyamaza Ndola, na sauti yangu ya ujana inamtukana dada yangu Kamanga tangu asubuhi, kwenye spika, na watoto wa kivukoni wakimwona wanajifunga vijiti mgongoni. Wewe mwenyewe umeniandikia hivyo, eti kama habari njema kwamba wimbo bado unapendwa. Unasema ni wa watu wote. Je, aibu yake nayo ni ya watu wote? Umewahi kuibeba hata kipande? Raha mmegawana, tusi ameachiwa mtu mmoja. Kitu cha namna hiyo si cha watu wote, Shija. Ni mzigo wa Kulwa unaochezewa na watu wote.

Usidhani nimetakasika. Mwaka jana nilikuwa Tunduma, mpakani. Nikausikia kwenye kibanda cha kanda. Nikamwambia muuzaji, "Ndugu yangu, zima huo." Akanitazama kuanzia viatu. "Mzee, huyu jamaa amekufa zamani, anakudai nini?" Nikamwambia ni mimi. Akaita majirani: "Jamani, njooni, marehemu amefufuka, ila amesahau meno kaburini! Haya marehemu, imba tukujue." Nilikuwa nimekuja kuuzima. Nikaimba. Watu wakasogea, mmoja mmoja, kisha kwa mbio, kama siku ile uwanjani, na kifua changu kikafunguka kwa furaha. Nilipofika kwenye mchi nikasikia nilichokuwa nikifanya, lakini sikukatiza. Nilimaliza beti zote. Tangu siku ile sijauimba, wala gitaa sijaligusa zaidi ya kulifuta vumbi.

Utauliza, kwa nini nisije mwenyewe? Nilikuja, na hakuna aliyejua. Mwaka juzi nilishuka Mwanza, nikapanda feri ya Kamanga. Tulipokaribia nikamwona kwenye jiko lake, amenenepa kidogo, anageuza sato kwa mkono uleule wa kushoto. Mlango wa feri ukalala, watu wakateremka, magari yakateremka. Mimi nikabaki nimeshika chuma. Mkata tiketi akaniuliza, "Mzee, hapa ndiyo Kamanga, unasubiri ipi?" Nikamwambia nimesahau kitu mjini. Nikarudi na feri ileile.

Nisalimie Mama, mwambie mwanawe wa pili anamwamkia shikamoo, na asubuhi bado humtaja kabla ya kunywa maji. Baba mdogo, aliyetengeneza gitaa langu la kwanza kwa debe, mpe heshima zangu. Shemeji mke wako mwambie nimepokea karanga, hazikufika na mende hata mmoja. Watoto wasome.

Na wewe, Shija, pamoja na wenzako wote wa redio mbili hapo Mkolani, uwasomee barua hii kwa sauti. Toeni wimbo ule kwenye spika zenu leo, msingoje kesho. Kisha wewe chukua kanda mama, ile ya kwanza unayonakilia nyingine zote. Ziba vitundu vyake vya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodiwa upya. Beba redio, panda feri, nenda mpaka jikoni kwa Kulwa. Piga magoti, wewe ni mdogo wake. Mwambie wimbo ulikuwa wangu, na ni wangu hadi leo. Muulize swali moja: Dotto akija tena, ashuke? Halafu bonyeza kitufe cha kurekodi, juu ya sauti yangu, na umwache aseme alitakalo. Akinitukana, usizime. Akiendelea kukaanga samaki bila kusema neno, usizime, acha mkanda uzunguke hadi mwisho.

Kanda hiyo usinakili. Nitumie mimi peke yangu.

Ni mimi kaka yako,
Dotto