Sahani ya Deo

Annet upo? Nimeharibu. Yaani nimeharibu kabisa.

Unajua lile somo la saikolojia ninalosoma mtandaoni? Wiki iliyopita tuliambiwa tuandike kisa cha mtu aliyefiwa. Mimi nikamwandika Mama. Nikamwita "Bi X wa Buswelu", nikaeleza kwamba kila siku anampakulia na kumfunikia chakula mwanawe aliyekufa.

Leo mwalimu kaisoma kazi yangu darasani, kwa sifa. Mvua ikaanza, nikaiacha simu mezani kipindi kikiendelea, nikakimbia kuanua nguo. Kumbe visikilizio vimeisha chaji, sauti yote inatoka nje!

Narudi, Mama kasimama mbele ya simu, kisu cha kumenyea ndizi mkononi. Mwalimu anasema, "Huyu mama anajidanganya. Mfano mzuri sana."

Mfano mzuri sana!! Mama anasikia!

Akaniuliza taratibu, "Bi X ni mimi?"

Nikawahi kuizima sauti.

"Na hao wanaosikiliza ni wangapi?"

Nikamwambia sitini. Bora angenizaba kibao, Annet. Alirudi tu kwenye ndizi zake.

Mchana kapakua sahani mbili, yake na yangu. MBILI. Tangu pikipiki imuue Deo, miaka mitatu sasa, sijawahi kuona mbili kwenye ile meza.

Mwalimu angesema Mama ameanza kupona. Mimi nikainuka, nikatoa sahani ya Deo kabatini, nikampakulia, nikaifunika mwenyewe.

Mama hakuniangalia. Akasogeza tu sahani yake, kuipa ile nafasi.